Kabla ya Gunia la Urea, Tuitazame Mizizi ya Kunde

Mji wa Lubumbashi ulizaliwa na shaba, na tangu siku za uchanga wake wakazi wake wamezoezwa kuamini ya kwamba riziki hutoka chini ya ardhi, ikachimbuliwa, ikayeyushwa, ikapakiwa garini na kupelekwa mbali, ndipo fedha yake irudi kununua chakula kilicholimwa na watu wengine. Reli itokayo kusini ilipofika hapa mwezi wa Septemba mwaka 1910, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, ilileta mitambo ya tanuri la kuyeyushia shaba, na nyuma ya mitambo hiyo ikaleta unga wa mahindi wa Rhodesia wa kuwalisha wale waliokuja kuifanyia kazi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga, maharagwe, karanga na mafuta ya mawese, na hesabu ya posho ile ilikuwa jambo kubwa katika vitabu vya kampuni sawasawa na hesabu ya shaba yenyewe. Zaidi ya miaka mia imepita. Kampuni zimebadilika majina na bendera zimebadilika rangi, ilhali malori ya unga na ya mbolea yangali yanasimama foleni mpakani Kasumbalesa, na kila serikali ya Zambia inapozuia mahindi yasivuke mpaka, bei ya bukari, yaani ugali wetu, hupanda katika kila nyumba ya mji huu, ya tajiri na ya maskini.

Bel-Air, mtaa wa komuni ya Kampemba ninamokaa, hauna mgodi wala hauna shamba kubwa, una nyua. Ikishuka mvua ya kwanza ya mwezi wa Novemba, ni nadra kuona kipande cha ardhi baina ya ukuta na ukuta ambacho hakikupandwa mahindi, na wenye uwezo zaidi huenda kukodi mashamba nje ya mji, kando ya barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi, wakarudi na magunia yao mwezi wa Aprili au Mei. Udongo ni ule ule mwekundu, mchachu, mkongwe mno, uliooshwa kila mwaka na mvua zipatazo milimita 1,200 hata rutuba yake nyingi ikazama mahali mizizi ya mahindi isipofika. Mwaka wa kwanza baada ya kufyeka pori huvunwa cha kutosha. Mwaka wa pili hupungua. Wa tatu mahindi hutoka na majani ya manjano, na hapo ndipo mwenye shamba anapoanza kutafuta urea.

Mintarafu ya urea hiyo nina jambo moja la kusema, nalo nalisema kwa moyo wote. Kilo 50 za urea zina kilo 23 za naitrojeni, na kilo 23 hizo, zilizotengenezwa ng'ambo na kulipiwa dola, ushuru, dizeli na rushwa ya njiani kabla hazijafika sokoni kwetu, ni kitu kile kile ambacho kunde, karanga, njugumawe na mbaazi hukipata hewani kwa msaada wa viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho. Mkoa wa Haut-Katanga unastahili kuipa mimea hiyo, pamoja na viumbe hao, nafasi ya kwanza katika siasa yake ya kilimo, mbele ya gunia la mbolea ya chumvichumvi, na uache kuihesabu kuwa mazao ya akina mama ya kujazia pembe za shamba.

Hewa tunayoivuta ina sehemu 78 za naitrojeni katika kila 100, hata juu ya hekta moja tu ya ardhi pana zaidi ya tani 70,000 za kitu hicho, bighairi ya mwenyewe wala mlinzi. Walakini atomu za naitrojeni hutembea mbili mbili, zimeshikana kwa vifungo vitatu, na hakuna jani wala mzizi wenye nguvu ya kuzitenganisha. Radi hutenganisha akali yake. Mwanadamu alichelewa sana kuijua kazi hiyo: Fritz Haber wa Ujerumani aliionyesha mwaka 1909, na Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwandani huko Oppau mwaka 1913, kwa joto la nyuzi zaidi ya 400 na kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia. Viwanda vya namna hiyo vinakula gesi nyingi, na vita ilipozuka Ukraine mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda dunia nzima, mpaka wakulima wetu wasioijua Ukraine ilipo wakaiona vita hiyo mashambani mwao.

Sasa itazame kunde uani. Hapana moto, hapana chuma, hapana gesi. Mzizi wake mchanga humwaga katika udongo kemikali ziitwazo flavonoidi, na miongoni mwa bakteria wengi walalao udongoni wapo wa kabila maalumu wanaozitambua na kujibu kwa kemikali yao wenyewe. Jibu hilo likifika, unywele wa mzizi hujikunja na kuwazingira waliojibu. Kisha mfereji mwembamba hufunguka ndani ya unywele huo, nao bakteria hupita humo wakizaana, mpaka wakafika katika chembe za ndani ambazo tayari zimekwisha kuanza kugawanyika ili kuwajengea makao. Baada ya majuma machache hutokea kinundu, na ndani yake bakteria walioacha kuzaana hufanya kazi moja usiku na mchana: kuvunja vile vifungo vitatu na kuigeuza naitrojeni kuwa amonia, ambayo mmea huipokea na kuifanya protini. Chombo chao ni kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi, chenye chuma na molibdeni kiini mwake, nacho hufanya kwa joto la kawaida la udongo wetu kazi ambayo Oppau iliitaka tanuri.

Msimu uliopita jirani yangu mmoja aling'oa mikunde yake iliyozeeka, akaona mizizi imejaa vinundu kama punje za mtama, akasikitika. "Baba, iko na bugonjwa mu mizizi," akaniambia, na alikuwa tayari kuikusanya yote akaichome. Tulitwaa kinundu kimoja, tukakipasua kwa ukucha: ndani yake palikuwa pekundu kama nyama mbichi. Wekundu huo una maana, kwa kuwa naitrojenesi huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe hawawezi kuishi pasipo oksijeni. Basi mmea hutengeneza leghemoglobini, ndugu wa hemoglobini iliyo katika damu yetu, ikaishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo kidogo kidogo, iwatoshe wenye kupumua na isikiguse chombo chao. Kinundu chenye rangi ya waridi au nyekundu kinafanya kazi. Cheupe ndani hakijaanza, au wakazi wake hawafai. Cha kijani au kahawia kimekwisha muda wake. Kadhalika ugonjwa wa kweli hutambulikana kwa vidole, maana kinundu chema kimebandikwa ubavuni mwa mzizi na hubanduka upesi, bali uvimbe uletwao na minyoo ya udongo ni mzizi wenyewe ulionenepa, na haubanduki mpaka umeukata. Maarifa haya mtoto wa shule ya msingi angeweza kufundishwa katika saa moja ya somo, uani mwa shule yake, kwa mche mmoja.

Wazee wa Roma walijua kwamba ngano hustawi baada ya kunde, wasijue sababu. Jean-Baptiste Boussingault wa Ufaransa alipima mwaka 1838 akaona ya kwamba mimea ya jamii hiyo huongeza naitrojeni ambayo haikutoka katika udongo, na wataalamu wakabishana juu ya hesabu yake kwa muda wa nusu karne. Ithibati ilipatikana mwaka 1886, pale Hermann Hellriegel na mwenziwe Hermann Wilfarth, waliofanya kazi katika mji wa Bernburg, walipoonyesha kwamba njegere zilizopandwa katika mchanga uliochomwa hubaki dhaifu, na zikimwagiwa maji ya udongo wa shamba huota vinundu na kunawiri, ilhali shayiri haipati faida hiyo. Na miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe na kuwakuza peke yao.

Mmea haupewi naitrojeni hiyo bure. Huwalipa wapangaji wake kwa sukari iliyotengenezwa na majani yake, na malipo hayo si madogo, kwa kuwa kuvunja molekuli moja tu ya naitrojeni hudai akiba kubwa ya nguvu ya chembe. Ndiyo maana udongo ukiwa na naitrojeni nyingi, kwa samadi au kwa urea, mkunde hupunguza vinundu vyake, ukaona heri kuchukua kilicho karibu. Na wako bakteria wavivu, wanaoingia mzizini wakala sukari bila kutoa kitu. Uchunguzi uliofanywa kwa soya umeonyesha ya kwamba mmea huwatambua na kuwapunguzia oksijeni, kama mwenye duka aachaye kumkopesha asiyelipa. Muamala huu, wenye ijara, ukaguzi na adhabu, umekuwa ukiendelea tangu mamilioni ya miaka kabla mwanadamu hajashika jembe, na mimi siwezi kuutazama pasipo kustaajabu.

Hapa petu, hata hivyo, habari ina upande wa pili ambao vitabu vilivyoandikwa Ulaya aghalabu havikuutaja. Pori linalouzunguka mji wetu ni miombo, na miti inayolitawala, ile ambayo Wabemba huiita muputu na mutondo, yote ni ya jamii pana ya kunde. Maganda yake hupasuka wakati wa joto la Septemba na Oktoba na kurusha mbegu mbali, sawa na maganda ya binamu zake wadogo wa shambani. Mtu angedhani basi kwamba mizizi yake imejaa vinundu. Haina. Miti mikuu ya miombo, pamoja na ukoo wake, haikuingia katika mkataba na bakteria. Ilichagua shirika jingine, la kuvu, ambao nyuzi zao hujifunga juu ya ncha za mizizi, zikaenea udongoni na kuitafutia miti fosforasi, maji, na naitrojeni iliyofungwa katika majani yaliyooza. Kila mwaka shirika hilo hujionyesha hadharani kandokando ya barabara zote ziingiazo Lubumbashi, maana uyoga wa manjano, mwekundu na mweupe ambao akina mama huuza katika mabeseni tangu Desemba hata Februari ni matunda ya kuvu hao hao, isipokuwa ule mkubwa wa vichuguu, ambao ni mazao ya mchwa.

Maana yake kwa mkulima ni nzito. Anapofyeka miombo, akachoma makaa akayauza katika mitaa ya Bel-Air na Kenya na Katuba, kisha akapanda mahindi mahali hapo, haachiwi na pori lile hazina ya naitrojeni iliyotoka hewani, kama ambavyo angeachiwa na msitu wa akasia. Anachoachiwa ni majivu na akali ya mboji, vitu viwili vinavyokwisha upesi. Miti ya pori letu iliyo na vinundu ni michache, imetawanyika baina ya mingine: mulombwa, ambao pwani huitwa mninga, mubanga, na jamaa za mikababu, na mmoja wao, mukula, ambao ni wa ukoo wa mninga, umekatwa na kuuzwa ng'ambo kwa pupa kubwa katika miaka ya karibuni, hata vijiji vingi vimebaki kuutaja kama mtu atajavyo marehemu. Tukiyachoma makaa kwa mwendo huu, tunapoteza uyoga, tunapoteza kivuli, na udongo unabaki mikononi mwetu bila ya yeyote wa kuulisha.

Wakulima wa zamani wa nchi hii, Walamba, Walala na Wabemba, waliuelewa udongo wao kuliko wengi waliokuja kuwafundisha. Katika citemene walikata matawi kwenye eneo pana, wakayarundika penye eneo dogo, wakayachoma, wakapanda ulezi juu ya majivu. Na mwaka wa pili, majivu yalipopungua nguvu, wakapanda karanga, kisha maharagwe yakaja kwa zamu yake. Kaskazini yao, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Wamambwe walifukia nyasi katika matuta na kupanda maharagwe juu yake kwanza, ulezi ukafuata. Serikali za kikoloni za pande zote mbili za mpaka ziliuona utaratibu huo kuwa uharibifu wa misitu tu. Ulihitaji ardhi nyingi, hilo ni kweli, na watu wakiongezeka haukuweza kudumu. Lakini ndani yake mlikuwamo elimu ya zamu ya mazao, na elimu hiyo tumeiacha pamoja na ule moto, tukabaki na mahindi juu ya mahindi.

Liko jambo jingine ambalo mtu wa Katanga anastahili kulijua kwa fahari. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani, na kila siku malori huishusha kutoka Kolwezi na Likasi kwenda bandarini, ikawe betri za simu na magari ya watu wa mbali. Kobalti hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo mno, ni ya lazima kwa bakteria wa vinundu, kwa sababu bila yake hawawezi kutengeneza kobalamini, ambayo ni vitamini B12. Watafiti wa Marekani walithibitisha mwaka 1960 kwamba soya inayotegemea vinundu hudhoofika inaponyimwa kobalti, ilhali ile iliyopewa naitrojeni tayari haioni shida hiyo. Na katika vilima vya shaba vya mkoa wetu humea mmea wa jamii ya marejea, wenye maua ya manjano, ambao Mbelgiji Paul Duvigneaud na mwenziwe waliupa mwaka 1959 jina la Crotalaria cobalticola, kwa kuwa hukaa juu ya udongo wenye kobalti ya kuiua mimea mingine. Mmea wa ukoo wa kunde umejifunza kuishi juu ya madini yetu. Huo ni urithi wa elimu usiopatikana katika vyuo vya Wageningen wala Chicago, na vilima mmea huo unamoota vinachimbwa vikasawazishwa kimoja baada ya kingine.

Lakini madini yaliyo dawa kwa chembe ni sumu kwa kibaba. Upande wa kaskazini-magharibi wa tanuri la zamani, ambako upepo uvumao kutoka kusini-mashariki ulibeba moshi wa bomba lile refu kwa miaka mingi, ardhi ya Penga Penga ilibaki uchi, imejaa shaba na vumbi zito, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu kuifunika kwa nyasi zinazovumilia. Mtu asidhani kuwa hasara ya namna hiyo huonekana tu pale majani yanapokauka. Huko Woburn, Uingereza, shamba lililomwagiwa masimbi ya maji machafu yenye metali tangu mwaka 1942 hata 1961 liliendelea kuotesha nyasi vizuri, bali miaka mingi baadaye majani ya klova yalipopandwa humo yalidhoofika, na uchunguzi ulionyesha kwamba bakteria wafaao walikuwa wamekwisha kufa udongoni, wakabaki wasioweza kufanya kazi. Udongo unaweza kuonekana mzima machoni mwa mtu na ukawa umefiwa na wafanyakazi wake. Kwa hiyo kila shamba la mboga lililo karibu na tanuri, na mito ipokeayo maji ya viwanda, linastahili kupimwa kabla ya kupandwa, na gharama ya kupima imwangukie aliyemwaga, wala si mama auzaye lenga-lenga.

Basi tupande nini? Kunde, karanga na njugumawe hazina makuu. Bakteria wanaozifaa wamejaa katika udongo wa Afrika ya kitropiki, na mkulima hana haja ya kuwatafuta. Mbaazi nayo ni hivyo hivyo, tena huacha majani mengi na kuchimba chini kuliko mahindi. Maharagwe, tunayoyapenda kuliko yote, ndiyo mavivu zaidi: hushirikiana na kila bakteria ajaye, wafaao na wasiofaa, na yakikosa fosforasi hayafanyi kitu. Soya ilitoka Asia, na kabila lake la bakteria halikuja nayo. Mbegu zake zikipandwa katika udongo mgeni aghalabu hutoa mizizi mitupu. Njia za kuitatua shida hiyo ni mbili, na zote zimekwisha kujaribiwa karibu nasi. Wazambia waliitoa mbegu iitwayo Magoye, inayokubali bakteria wenyeji, na taasisi ya IITA ikaendelea kuzalisha mbegu za tabia hiyo. Kwingineko, mbegu hupakwa bakteria hai waliokuzwa katika maabara na kuchanganywa na udongo mweusi wa kinamasi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza kitu hicho kwa jina la Biofix, na tangu mwaka 2008 kampuni ya MEA ya Nakuru ikapewa kukizalisha na kukiuza. Chuo cha Sokoine, Morogoro, kilikuwa na chake kiitwacho Nitrosua. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 chini ya Chuo cha Wageningen, uliufikia mkoa wa Kivu ya Kusini, na huko wakulima wakajifunza soya na maharagwe ya kutambaa. Haut-Katanga haikupata fungu hilo, ingawa ina kitivo cha kilimo katika chuo kikuu, ina kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA pale Kipopo, na ina soko la watu zaidi ya milioni mbili wanaonunua chakula kila siku.

Wanaonipinga husema kwamba naitrojeni ya vinundu haitoshi kulisha mji, na wana haki kwa sehemu. Kunde au soya iliyostawi huweza kuingiza kilo 50, pengine 100 na zaidi, kwa hekta, lakini soya iliyovunwa vizuri hubeba sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo katika punje zake, na mabua yakichomwa au yakipelekwa kwa mbuzi, udongo hubaki na deni. Aonaye mahindi yake yananufaika ni yule aliyeacha mizizi, majani na mabua shambani, au aliyepanda upupu ule usiowasha, ukafunika ardhi yote kisha ukalazwa kabla ya mvua. Wala siitangazi vita na urea. Gunia moja lililotiwa kwa wakati wake juu ya mahindi yaliyofuata karanga huzaa kuliko mawili yaliyotupwa juu ya udongo mchovu. Ninachokataa ni hesabu ianzayo na kuishia katika gunia. Gavana Moïse Katumbi alipoziagiza kampuni za migodi zilime mahindi, katika muda wa utawala wake baina ya mwaka 2007 na 2015, nia ilikuwa njema, na mashamba makubwa yalilimwa kwa matrekta na mbolea. Lakini kampuni iliyoamriwa kulima hulima kwa ajili ya amri, na amri ilipolegea mengi ya mashamba hayo yalilegea pamoja nayo. Laiti sehemu ya fedha ile ingaliwekwa katika mbegu za karanga, maabara ya bakteria na chokaa, ingekuwa ingali inazaa.

Chokaa haina budi kutajwa peke yake, maana ndiyo ufunguo wa yote na ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Udongo mchachu huachilia alumini inayochoma ncha za mizizi, huwafunga bakteria, huificha molibdeni ambayo naitrojenesi haifanyi kazi bila yake, na huing'ang'ania fosforasi. Jiwe la chokaa la Kakontwe, karibu na Likasi, limechimbwa miaka mingi kwa minajili ya viwanda vya madini, nalo liko mwendo wa saa chache kutoka Bel-Air. Kulisaga na kulipeleka mashambani ni kazi ya barabara na ya bei tu. Fosfeti itabidi kununuliwa, na hapo ndipo dola chache za mkulima zingefaa kwenda, kwa kuwa fosforasi haipatikani hewani na hakuna bakteria atakayeileta.

Niliwahi kuona ya Mampu, katika uwanda wa Bateke nje ya Kinshasa, yakitajwa kuwa ni ya ajabu, na kwa hakika yanastahili: hekta zipatazo 8,000 za akasia zilizopandwa juu ya mchanga mtupu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, zikagawiwa jamaa za wakulima, ambao hukata miti kwa zamu, huchoma makaa, na kupanda mihogo na mahindi katika udongo ambao mizizi yenye vinundu na majani yaliyoanguka yameulisha kwa miaka. Makaa na chakula vimetoka katika shamba moja. Lubumbashi inakula makaa bila kipimo, na haina Mampu yake.

Kwa hiyo namwomba Waziri wa Kilimo wa mkoa, na wenye vitivo vya elimu, na wenye migodi wanaolipa fungu la maendeleo ya vijiji kwa mujibu wa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, wafanye mambo yaliyo katika uwezo wao. Maabara moja ndogo ya kukuza bakteria wa soya ijengwe chuoni, ikiwa na jokofu lisilokatika umeme, kwa sababu bakteria hao wakikaa juani nusu siku hufa, na anayeuza pakiti ya wafu humfundisha mkulima kutoamini elimu. Mbegu za karanga na kunde zizalishwe Kipopo na kuuzwa kwa vipimo vidogo, kilo moja moja, ambavyo mama mwenye ua wa Bel-Air anaweza kuvinunua. Wakodishao mashamba ya nje ya mji wampe mkulima mkataba wa miaka mitatu badala ya msimu mmoja, maana hakuna mtu atakayepanda karanga ili mahindi ya mpangaji mwingine yastawi. Na wanawake, ambao ndio waipandao jamii hii yote ya kunde kwa mikono yao, waandikwe katika mikataba hiyo kwa majina yao wenyewe.

Mvua haitangoji mikutano yetu. Anayetaka kupanda soya mwezi wa Desemba lazima awe ameshapata mbegu na pakiti yake ya bakteria mwezi wa Novemba; chokaa yapasa iwe imezikwa udongoni mapema zaidi, kabla ya Oktoba kwisha; na fedha ya kununulia hivyo vyote, kama ni ya bajeti ya mkoa, haina budi kutiwa saini katika miezi hii ya kiangazi, wakati barabara ya Likasi ni kavu na malori ya Kakontwe yanapita.